Mtoto mdogo na mkumbo wa wenzake: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Lamu

Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, PP2, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea, mpaka gredi 3, na jioni nasaidia chuoni, yaani madrasa, watoto wa mtaa wetu. Nikipita Langoni nashikwa mkono, nikikaa harusini nashikwa mkono, "mwalimu hebu njoo, mwanangu kabadilika, hanisikii, asikiza wenzake tu." Kila mtu namjibu nusu nusu kwa sababu tumesimama njiani na punda wanapita, kwa hivyo nimekaa nikaandika yote hapa. Ni ya watoto wa kama miaka 4 hadi 10. Wakubwa wana mambo yao mengine.

Mkumbo wa wenzake ndio nini hasa?

Ni pale mtoto anafanya kitu asichokitaka, au anachojua ni kibaya, kwa sababu wenzake wanakifanya na yeye hataki kuachwa nje. Si lazima ashikwe kwa nguvu. Mara nyingi hakuna hata anayemwambia kitu, wanamtazama tu wakimngoja, na kule kungojwa kunatosha. Pia si kila mkumbo ni mbaya, mtoto mvivu akiona wenzake wote wamebeba misahafu wanakwenda chuoni naye huinuka akaenda. Hapa tunaongelea ule unaompeleka pabaya.

Mwanangu ana miaka 5 tu, haya si mambo ya matineja?

La, yameshaanza. Mwaka 2011 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliwakalisha watoto wa miaka 4 wanne wanne, kila mmoja na kitabu chake cha picha, wakaulizwa wanaona nini. Watoto walidhani vitabu vyote ni sawa, kumbe cha mmoja wao kina kurasa tofauti, basi huyo mmoja anawasikia wenzake watatu wakitoa jibu ambalo kwake si sahihi. Kati ya watoto 24 waliopimwa hivyo, 18 walifuata jibu la wenzake angalau mara moja. Katika jaribio la pili, watoto wengine walipopewa nafasi ya kujibu kimya bila wenzao kuona, waliofuata wakapungua. Yaani walikuwa wameona sawasawa, ila kusema mbele ya watu ndio kazi.

Mimi darasani nayaona haya kila siku. Nauliza nani hajaelewa, mmoja anainua kidole, anageuka nyuma anaona hakuna mwingine, anakishusha taratibu anajifanya alikuwa anajikuna kichwa.

Mbona mtoto wangu ana adabu sana nyumbani lakini nje ndiye anayeburutwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na ndilo linaloniuma zaidi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mtoto wako ametulia, ukimwambia kaa anakaa, mgeni akiingia anampa mkono na kuubusu, hajibu mkubwa. Sote tunamsifu. Lakini hebu fikiria, katika maisha yake yote ya miaka 6 au 7 ni lini aliwahi kusema hapana na hapana yake ikakubaliwa? Hataki kula, atakula. Hataki kwenda kwa ami yake, ataenda. Akieleza sababu anaambiwa nyamaza, wakubwa wakisema husemi. Alafu mtoto huyo huyo tunamfungulia mlango, anakutana na kijana wa miaka 12 mwenye sauti na kundi nyuma yake, na tunatarajia amwambie hapana bila kutetemeka, ataitoa wapi? Kwake yeye yule kijana ni mkubwa, na mkubwa anatiiwa, si ndivyo tulivyomfundisha?

Tena tuna misemo yetu. Wengi wape. Ukenda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Ni hekima ya kuishi na watu, nimekuta wazee wakiisema na naiheshimu, lakini mtoto wa miaka 7 hajui mipaka yake, yeye jicho analivunja kweli.

Binti yangu alipokuwa na miaka 5 alikuja mgeni mmoja, mtu mzima, akamwita aje akae mapajani pake. Akakataa, akajificha nyuma ya mlango. Mimi nikaona haya mbele ya mgeni, nikamvuta mkono nikamwambia nenda, usinitie aibu. Akaenda. Hakukutokea kitu chochote alhamdulillahi, mgeni alikuwa mtu mwema. Lakini usiku nikimfunika shuka akaniuliza, "Mama, ukisema wewe lazima nifanye. Na mtu mwingine akisema, pia lazima?" Usingizi haukunijia vizuri usiku ule. Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyolea na namna ninavyofundisha, na kila ninaloandika hapa limetoka kwenye swali lile.

Kwa hivyo nimruhusu anibishie? Si nitakuwa na mtoto asiye na adabu?

Kukataa na kukosa adabu ni vitu viwili. Mtoto anaweza kusema "Mama naomba nisiende leo, yule kijana wa jirani ananisukuma," kwa sauti ya chini na macho yake ya heshima, na wewe ukasema haya, nimekusikia. Hakuna adabu iliyovunjika hapo.

Anza na mambo madogo madogo. Avae kanzu gani Ijumaa, ale maandazi au mkate, akae na nani chuoni. Akisema sitaki kwa sababu ya maana, ikubali wazi wazi asikie kwamba maneno yake yamefanya kazi. Swala, kuoga, dawa, skuli, hayo hayana chaguo na mwambie hivyo bila kuzunguka. Na suala la mwili wake, nani amkumbatie nani asimkumbatie, hilo ni lake, salamu ya mdomo inatosha.

Mamangu mzazi aliniambia naharibu mtoto. Tulibishana karibu mwaka mzima. Siku moja yule yule mjukuu wake akamwambia, "Bibi samahani, sitaki kupelekwa dukani saa hizi, kuna vijana wakubwa pale kona wananiambia niwaibie sigara." Mamangu alinyamaza, akavaa buibui lake akaenda dukani mwenyewe.

Nimfundishe aseme maneno gani?

Maneno mafupi, na yafanyiwe mazoezi. Ukimwambia tu "ukiambiwa ubaya ukatae" hujampa kitu. Marekani walijaribu hivyo, mwaka 1983 kule Los Angeles ikaanzishwa programu inaitwa D.A.R.E., polisi wanaingia darasani wanawahubiria watoto wakatae madawa ya kulevya, ikaenea nchi nzima, alafu tafiti zikaja kuonyesha kwamba haikupunguza sana matumizi. Kusikia na kuweza ni mbali mbali.

Mimi mazoezi nayafanya jikoni. Nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mtoto yuko mbele yangu anachambua mchele, namwambia haya sasa mimi ndio yule kijana mkubwa. Nageuza sauti, "Ndoo twende! Kwani waogopa?" Mara ya kwanza anacheka tu. Mara ya pili anatazama chini anasema "sijui." Hapo ndio nasimama namwambia, "sijui" ndio mlango wenyewe, ukisema sijui watakuvuta. Mara ya nne au ya tano utamuona kanyanyua kidevu, "Mimi siendi. Nendeni nyinyi." Machicha yamejaa sinia na mtoto ana jibu.

Yanayofanya kazi kwa watoto wangu ni haya: "Mimi siendi." "Sitaki, tucheze kitu kingine." "Mamangu atanimaliza." Hilo la mwisho wazazi wengine hawalipendi eti ni kumfundisha mtoto woga, mimi nawaambia watoto nisingizieni mimi, niwekeni mimi niwe mbaya, mabega yangu ni mapana. Mtoto anatoka pale bila kuchekwa, ndio tunalotaka.

Na asijieleze sana. Mtoto akianza kutoa sababu moja mbili tatu wenzake watazijibu moja moja mpaka zimalizike. Aseme, ageuke, atembee. Miguu pia tunaifanyia mazoezi.

Wale wenye simu nyumbani muwe na neno la siri. Mwanangu akilala kwa binamu zake na mambo yakimshinda anaomba simu, ananipigia anauliza, "Bibi amekunywa dawa?" Basi mimi najua, nasema rudi nyumbani sasa hivi nina kazi na wewe, naongea kwa ukali wasikie wote. Akifika simuulizi mlangoni, namuacha ale kwanza.

Nasikia mwasema rafiki mmoja anatosha, kweli?

Kweli, na hili ningependa kila mzazi alijue. Miaka ya 1950 huko Marekani mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu mistari na kuwauliza upi unalingana na ule wa mfano, kitu rahisi, mtu akiwa peke yake karibu hakosei. Lakini akikalishwa na watu waliopangwa wote kujibu makosa, kama thuluthi moja ya majibu yakawa yanafuata yale makosa. Alafu Asch akaweka mtu mmoja tu kati yao anayesema ukweli, na kule kufuata kukashuka mpaka karibu robo ya vile kulivyokuwa. Na yule mmoja akiondolewa katikati ya mchezo, watu walirudi kufuata wengi tena.

Na hao ni watu wazima. Sasa njoo gatini kwetu likizo ya Agosti. Maji yamejaa, vijana wamevua mashati wanaruka kutoka gatini, na kuna mtoto wa miaka 7 amesimama ukingoni, wenzake wote wameloa yeye peke yake mkavu, vidole vya miguu vimekamata saruji. "Ruka! Waogopa? Mwanamke huyu!" Nilikuwa nimekaa na mkoba wangu nangoja boti ya Mokowe nikaliona tumbo lake linavyopanda na kushuka. Kabla sijainuka, binamu yake ambaye hajafika hata miaka 9 akatoka majini akaja akakaa pale chini kando yake anatiririka maji, akasema, "Hata mimi sirukii tena." Basi. Kelele zilikatika hapo hapo, kwa sababu hakuna tena mmoja wa kuchekwa.

Kwa hivyo mtafutie mwanao huyo mmoja, na ukiweza wawili maana mmoja siku nyingine atakuwa mgonjwa au kasafiri. Mkaribishe yule mtoto mtulivu wa darasani aje ale kaimati kwako, muombe mwalimu awakalishe pamoja, wapeleke chuoni njia moja. Na mfundishe mwanao naye awe mmoja wa mwenziwe. Darasani kwangu tuna maneno mawili tu, "Hata mimi." Mwenzio akikataa ubaya, wewe sema hata mimi.

Kuhusu bahari yenyewe, nimkataze?

Mtoto wa Lamu ukimkataza bahari ataiiba. Mfundishe kuogelea vizuri wewe au mjomba wake kabla hajafundishwa na kelele. Mweleze bamvua ni nini, kwamba siku za mwezi mpya na mwezi mpevu maji hujaa sana na hupwa sana na mkondo una nguvu, haifanani na maji mafu aliyoyaona wiki iliyopita.

Na mpe jibu la "waogopa?" Jibu ni "Ndio, naogopa." Mjaribu, mchezo wote huwa umeisha, kwa sababu walichokuwa nacho ni lile neno tu, na wewe umeshalichukua mkononi ukalikubali. Wavulana huona tabu kulisema, baba ndiye awaanzie, awaambie hata mimi nahodha nikiona wingu la kusi nyuma ya Manda naogopa na natua tanga.

Kuber, muguka na vitu kama hivyo, nianze kuongea naye lini?

Gredi 1, na sitanii. Ripoti ya 2022 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na madawa ya kulevya, ilitaja kwamba kuna walioanza tumbaku wakiwa na miaka 6 na pombe miaka 7. Kuber inakuja kwenye pakiti ndogo, ndani yake kama majani ya chai, inawekwa chini ya mdomo, ni tumbaku ile hata kama mtoto ataambiwa ni ya kuburudisha mdomo. Mama mmoja wa mtaa wetu aliigundua wakati wa kufua, pakiti imekunjwa mara nne iko ndani ya mfuko wa kaptura ya skuli, mtoto wa gredi 3. Alipoulizwa akasema, "Si yangu, nimewekewa." Na ilikuwa kweli. Vijana wakubwa humuwekea mdogo kwa sababu mdogo hapekuliwi, na akizoea kubeba siku moja anaonjeshwa.

Kwa hivyo usimwambie tu usile, mwambie pia usibebe. Usibebe kitu cha mtu ambacho hukijui, hata ukipewa shilingi kumi, hata akiwa jirani.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni ngumu zaidi maana mtoto anawaona wakubwa wanaoheshimika wanatafuna mchana kweupe. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku, serikali kuu ikasema marufuku hayo hayana nguvu, ikafika mpaka kortini, na watoto walisikia yote hayo kwenye redio. Mwanafunzi wangu aliniuliza, "Mwalimu, sasa ni mbaya au si mbaya?" Nilimwambia mwili wako haujui siasa, moyo unakwenda mbio na usingizi unaruka, na wewe bado wakua. Jibu la mwili watoto wanalielewa.

Mwenye duka anayewauzia watoto tumbaku, jueni kuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia yeyote chini ya miaka 18. Nendeni kina mama watano pamoja mkamwambie kwa upole. Mkienda watano husikia.

Chenji ya duka haikamiliki, na nimesikia anaenda kucheza PlayStation.

Mwanzo kahesabu ni siku gani zinapotea, utakuta ni siku akiwa na mtu fulani. Wale watoto wanaolipiwa mchezo na mkubwa mwisho huambiwa "leo zamu yako," na mtoto hana pesa isipokuwa zako. Mchezo wenyewe si dhambi, deni ndio linalomfunga. Lipa lile deni mara moja, nenda nalo mwenyewe ukiwa umemshika mwanao mkono, alafu mpe siku yake na pesa yake inayojulikana. Kama ni zile mashini za kamari za shilingi 20, hapo hakuna siku wala pesa, hiyo ni kamari na haramu, akae mbali kabisa.

Wasichana je? Wangu hatoki nje sana.

Mkumbo wa wasichana hauna kelele ndio maana tunaukosa. Hakuna "ruka," kuna "hatukuchezi." Mmoja ananuna, wengine wote wananuna naye, na yule aliyetengwa haelewi kafanya nini. Ili arudishwe anaambiwa naye amnunie mwingine, au amcheke yule mwenye kigugumizi, au alete lipstiki ya mamake. Nilikuwa na mtoto gredi 2 aliyekuwa anarudi nyumbani na chakula chake hakijaguswa wiki nzima, mamake akadhani ni minyoo akampa dawa, kumbe kaambiwa sambusa za mamake zanuka na asizile mbele yao.

Muulize maswali madogo. Badala ya "skuli ilikuwaje," ambalo jibu lake ni "sawa," uliza "leo ulikaa na nani wakati wa kula?" Swali hilo nauliza kila siku, na siku akisema "peke yangu" mara mbili mfululizo naenda skuli.

Na tafadhali tuache kuwalinganisha. Ukimwambia "tazama mwana wa fulani alivyo mweupe, alivyo na nywele," umemfundisha wewe kwamba thamani yake iko midomoni mwa watu, na wenzake watakuja kuikusanya.

Niko Malindi, wenzake wanamvuta kufuata watalii ufuoni badala ya skuli.

Nina dada yangu Maweni, najua. Watoto wamejifunza "ciao" kabla ya kujua kusoma, na wakubwa huwatuma wadogo mbele kwa sababu mtalii humuonea huruma mdogo zaidi, alafu kinachopatikana wanagawana wakubwa. Mweleze hivyo hivyo, waziwazi, kwamba anatumiwa. Watoto huchukia sana kutumiwa wakishalielewa.

Kuna hatari kubwa zaidi na tusiione haya kuitaja. Kuna watu wachache wanaokuja pwani kwa nia mbaya kwa watoto, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kifungu kizima kuhusu utalii wa ngono wa watoto, haikuandikwa bure. Na si wageni peke yao, wenyeji pia wamo. Kanuni ya nyumbani iwe moja, zawadi yoyote kutoka kwa mtu mzima inaonyeshwa mama siku hiyo hiyo, na anayesema "usimwambie mamako" ndiye wa kuambiwa mama wa kwanza.

Na simu? TikTok?

Hapo kundi halina mwisho na halilali, hilo ndilo linalonitisha. Mtoto chini ya miaka 10 asiwe na simu yake. Ya kwako akiitumia iwe sebuleni, sauti wazi, bila spika za masikio. Akiona vidio ya watoto wakijinyima pumzi au wakimeza vitu, usimzomee, kaa naye muulize "unadhani yule anayeshika kamera angefanya nini mwenziwe akianguka?" na umngoje ajibu.

Nimkataze kabisa kucheza na yule mtoto mbaya?

Mara nyingi ukikataza tu unaufanya urafiki uwe wa siri, na wa siri una nguvu. Mimi namleta yule mtoto kwangu. Aje ale, nimuone, niijue sauti yake, naye ajue kuna macho. Nusu ya wale tunaowaita wabaya ni watoto wasio na mtu wa kuwangoja jioni.

Watoto wetu wote wanaijua hadithi ya Mtume ya muuza miski na mfua vyuma, wanaisoma chuoni kwa moyo, rafiki mwema hata usiponunua utaondoka na harufu nzuri na mbaya atakuunguza nguo au utapata moshi wake. Wanaisoma lakini hawaipeleki nje. Ijumaa moja niliwauliza, ukitoka kucheza na fulani unanukia nini? Bila kutaja jina kwa sauti. Kukawa kimya, alafu mmoja akasema, "Mimi nikitoka kwake nasema uongo." Miaka 8. Alijijibu mwenyewe.

Lakini yule anayempiga, anayemvua nguo, anayemlisha vitu, huyo kata siku hiyo hiyo bila mjadala.

Nimchape?

Skulini imekatazwa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi. Nyumbani najua mikono ni yenu. Nitasema nilichokiona tu, mtoto anayechapwa akisema ukweli hujifunza kwenda kusema ukweli kwa wale wenzake badala ya kwako. Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi aliyekiri mbele ya mwalimu mwingine kwamba alikubali kuruka ukuta na wenzake, akachapwa peke yake, waliokana wakaachwa. Hakukiri tena mpaka anaondoka pale.

Mpe adhabu inayofanana na kosa. Alivunja, atengeneze. Alimcheka mtu, aende akaombe radhi na wewe ukiwa nyuma yake.

Nimegundua mwanangu ndiye anayewavuta wenzake.

Pole, na hongera kwa kulikubali, wengi hukana mpaka mwisho. Mtoto anayeweza kuwakokota wengine ana kipaji, ila kakielekeza vibaya. Tafuta kwanza nani anamvuta yeye, karibu kila mara yuko mkubwa nyuma. Alafu mpe uongozi wa kweli, ashike zamu ya kuteka maji chuoni, aongoze wadogo kuvuka, amlishe punda wa nyumbani na awakanye wenzake wasimpige. Nimewaona wakigeuka kwa muhula mmoja.

Baba yake yuko baharini au Uarabuni, nimebaki mimi na bibi yake.

Kubalianeni wewe na bibi kwanza, mtoto akijua mna sheria mbili atakaa katikati. Na baba akipiga simu asimalizie kwa "watii wakubwa" peke yake, aulize, "Wiki hii ulikataa nini?" Swali hilo kutoka mbali lina uzito sana kwa mtoto.

Nitajuaje kwamba imenizidi, na nende wapi?

Akianza kukojoa kitandani tena, akiumwa tumbo kila asubuhi ya skuli, akiwa na pesa au vitu usivyovijua, akikataa kuguswa, usingoje. Mwalimu wake kwanza, kisha ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Na kuna namba 116, simu ya watoto ya taifa, bure, mchana na usiku, mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mfundishe aijue kwa moyo kama anavyolijua jina lako.

Ameshafanya. Kanijia analia. Nianze na nini usiku huu?

Maji ya kunywa. Kisha kaa chini, sawa na yeye, usisimame juu yake. Usiulize "kwa nini," hajui kwa nini, uliza "ilianzaje?" na umuache aseme mpaka amalize, hata likikuumiza vipi uso wako usibadilike. Akimaliza mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia." Adhabu, deni, kwenda kwa wazazi wa wenzake, yote hayo yana kesho. Mfunike shuka, na kama ataomba taa iachwe, iache.